Kyaka hadi Murongo: kusafiri na insulini ya mtoto bila friji

Pale Kyaka, barabara inayotoka Bukoba inagawanyika. Moja inakwenda kwenye daraja la Mto Kagera, lile lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, kisha inaelekea Mutukula mpakani mwa Uganda. Nyingine inakata kushoto na kuanza kutafuta vilima vya Karagwe. Basi husimama hapo muda mrefu kuliko abiria wanavyopenda. Wauzaji wanapita madirishani, jua linapiga bati, na mzazi aliyepakata mkoba wenye dawa ya mtoto anajiuliza swali moja tu: humu ndani joto limefika wapi?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Karagwe na Kyerwa mwezi Julai, wakati wa kiangazi ambacho wenyeji wanakiita ekyanda. Nilitaka kuona familia zenye watoto wanaoishi kwa insulini zinasafiri vipi katika wilaya hizi mbili, ambako kutoka kijijini hadi hospitali kunaweza kuchukua nusu siku, na ambako kaya nyingi hazina friji. Nilichokikuta ni ufundi mdogo wa nyumbani unaotumia khanga kuukuu, sponji na maji. Kila mzazi mwenye mtoto wa aina hii anaweza kuutengeneza, mradi aelewe unavyofanya kazi na unapokomea.

Nchi ya vilima

Ukiacha bonde la Kyaka, barabara ya lami inapanda taratibu. Hewa inabadilika. Migomba inaanza kuziba nyumba, na katikati yake kuna mibuni ya robusta ambayo ndiyo ada ya shule ya watoto wengi wa huku. Julai ni msimu wa kuanika kahawa. Kila ua una turubai au chanja iliyojaa buni, na wazee wanazichota kiganjani na kuzitikisa sikioni kusikia kama zimekauka. Mtu wa Karagwe hahitaji kufundishwa habari ya unyevu. Anajua kwamba kahawa iliyofungwa kwenye gunia ingali mbichi itaota ukungu, na iliyokaa juani kupita kiasi itavunjika na kupungua uzito. Kila kitu kina kiasi chake cha maji. Maarifa hayo hayo ndiyo yanayohitajika kwa dawa.

Omurushaka ni njia panda. Hapo ndipo wa kwenda Kayanga, makao makuu ya Karagwe, wanapoachana na wa kwenda Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Karibu na Kayanga ipo Hospitali ya Nyakahanga, ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa kimbilio la wagonjwa wa eneo hili. Ukienda mbali zaidi unafika Bweranyange, yalipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Mwaka 1861 Mukama Rumanyika aliwapokea wasafiri wawili kutoka Uingereza, Speke na Grant. Speke aliendelea na safari kwenda Buganda Januari 1862, lakini Grant alibaki kwa mwenyeji wake miezi kadhaa kwa sababu ya mguu uliovimba na kutoka usaha, asiweze hata kusimama. Msafara ule ulikuwa na bunduki, vitambaa na shanga, lakini haukuwa na dawa ya kuuponya mguu ule.

Nalitaja hilo kwa sababu wasafiri wa leo wa barabara hii wana bahati ambayo Grant hakuwa nayo: dawa ipo. Insulini iligunduliwa mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, na Januari 1922 ikamwokoa mvulana wa miaka 14 aliyekuwa akififia kitandani. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na muda mrefu wa kuishi. Sasa anaweza kukua, kusoma, kuoa au kuolewa na kulea. Sharti ni moja: apate dawa kila siku, na dawa yenyewe iwe nzima.

Dawa isiyopenda joto wala barafu

Insulini ni protini, kama ute wa yai. Ute wa yai ukiupasha moto unaganda na haurudi tena kuwa ute. Insulini nayo huharibika kwa joto, ila yenyewe huharibika polepole, na mara nyingi huwezi kuliona hilo kwa macho. Baridi ya kugandisha nayo inaiua. Chupa iliyoganda, hata ikiyeyuka na kuonekana safi, ni ya kutupa.

Kanuni ya kawaida ni hii. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, mahali pasipozidi nyuzi 25 au 30 kulingana na maelezo ya mtengenezaji, mbali na jua.

Habari njema ni kwamba watafiti wamethibitisha kile ambacho wazazi wengi wa vijijini walikuwa wakikifanya kwa kukosa njia nyingine. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika mazingira ya joto kama ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya, ambako joto la ndani ya nyumba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa wiki nne dawa ile ilibaki na nguvu sawa na iliyowekwa kwenye friji. Kwa hiyo mzazi ambaye hana friji asikate tamaa, na asiache kumchoma mtoto sindano kwa hofu kwamba dawa imeharibika.

Lakini nyuzi 37 si nyuzi 50. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, buti la basi lililo jirani na injini, mkoba mweusi uliofungwa nyuma ya bodaboda saa saba mchana: humo ndimo dawa inapopikwa. Safari ndiyo hatari yenyewe, kuliko nyumba.

Kikapu cha Nkwenda

Nkwenda ni mji mdogo wa biashara wilayani Kyerwa. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya migomba, sakafu yake imefagiliwa na kutandikwa majani makavu kama desturi ya huku. Mama mwenye nyumba, ambaye jina lake tunalihifadhi, ana mtoto wa kiume wa miaka 11. Mtoto alinipa shikamoo, akaniletea kigoda, kisha akaenda kuteka maji.

"Alianza kwa kukojoa kitandani, mkubwa hivi," mama alinisimulia. "Anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na anakonda. Tulidhani malaria, tulidhani minyoo, jirani mmoja akasema karogwa. Siku alipoanza kuhema kwa nguvu na kusinzia ndipo tukapanda pikipiki usiku kwenda hospitali. Wakampima sukari, mashine haikusoma namba, ikaandika tu kwamba iko juu."

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Sasa yeye na mwanawe huenda kliniki kila mwezi kuchukua insulini, na wakati wa likizo mtoto husafiri kwenda kwa bibi yake upande wa Murongo. Nilimuuliza dawa anaibebaje. Akaingia chumbani na kutoka na kikapu kidogo cha ukindu chenye mfuniko, kile ambacho kina mama wa Kagera hutumia kuwekea vitu vyao vidogo. Ndani yake kulikuwa na kifuko cha khanga chenye kuta mbili, kimelowa. Ndani ya kifuko kulikuwa na kopo dogo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, na ndani ya kopo chupa ya dawa, kavu kabisa.

"Mwanangu, hii nilifundishwa na nesi," alisema. "Akaniuliza, mama, mtungi wako wa maji ya kunywa mbona ni wa baridi wakati jua linawaka? Nikamwambia, waitu, si kwa sababu unatoka jasho. Akasema, basi na hiki kifuko kitoe jasho."

Nilikuwa na vipimajoto viwili vidogo nilivyonunua Bukoba. Kimoja tulikitundika kivulini barazani, kingine tukakiweka ndani ya kifuko, na kikapu kikaning'inizwa kwenye boriti panapopita upepo. Baada ya saa mbili za mchana ule mkavu, cha barazani kilisoma nyuzi 29 na cha ndani ya kifuko nyuzi 23.

Maji yanayoondoka na maji yanayobaki

Siri yake ni mvuke. Maji yanapokauka kwenye kitambaa huchukua joto na kuondoka nalo, kama vile jasho linavyokupooza ukipigwa na upepo. Ndiyo maana kifuko lazima kipumue. Ukikilowesha halafu ukakifungia ndani ya mfuko wa nailoni au kopo lililozibwa, mvuke hauna pa kwenda. Hewa ya ndani inajaa unyevu, maji yanaacha kukauka, na upoozaji unakoma.

Kufungia unyevu kuna kazi yake pengine. Wavutaji wa sigara nene za Cuba, wanaposafiri, huweka kipande cha sponji chenye maji ndani ya kasha lililofungwa vizuri, ili hewa ya humo ibaki na unyevu wa asilimia 70 hivi na tumbaku isikauke ikapasuka. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale, lakini kazi ni kinyume. Wao wanataka maji yabaki, mzazi wa mtoto mwenye kisukari anataka maji yaondoke. Ukifunga kikapu chako kama kasha la tumbaku, utakuwa umetunza unyevu na kuacha joto palepale.

Kwa sababu hiyo pia, kifuko hakina nguvu sawa mwaka mzima. Kipimo rahisi kipo kwenye kamba ya nguo. Siku ambayo nguo zilizofuliwa asubuhi zinakauka kabla ya saa nane, kifuko kitapooza vizuri, pengine nyuzi tano au zaidi. Siku za masika, nguo zinapolala kwenye kamba hadi kesho yake, kifuko kitashusha nyuzi moja au mbili tu. Bahati nzuri ni kwamba siku hizo katika vilima vya Karagwe hewa yenyewe huwa ya baridi. Anayeteremka na basi kwenda kwenye joto lenye unyevu, kama la Dar es Salaam au Tanga, asitegemee kifuko peke yake.

Namna ya kukitengeneza

Chukua khanga kuukuu au kitambaa kingine cha pamba. Kitambaa cha nailoni hakifai kwa sababu hakinywi maji. Kata vipande viwili vyenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 40. Vilaze kimoja juu ya kingine, na katikati yake panga vipande vyembamba vya sponji mpya ya kuoshea vyombo. Shona mistari ya kuzishikilia sponji zisisogee. Kunja katikati, shona pembeni, na utapata kifuko chenye kuta nene kinachofunguka juu.

Tafuta kopo dogo la plastiki lenye mfuniko unaokaza, lioshe na likauke. Funga chupa ya insulini kwa kipande cha kitambaa kikavu ili isigonge, iweke ndani, funga. Maji hayatakiwi kugusa chupa wala karatasi yake, maana tarehe na jina la dawa vikifutika hutajua tena umeshika nini.

Lowesha kifuko kwenye maji safi kwa dakika kumi, kikamue kisidondoke, kisha weka kopo ndani. Kifuko kiingie kwenye kikapu cha kusukwa au chombo kingine chenye matundu pande zote. Kikapu hubebwa mkononi au hupakatwa, kivulini, upande wenye upepo. Kando ya kitambaa kikianza kukauka, nyunyizia maji tena. Safari ya mchana wa kiangazi inaweza kuhitaji maji mara mbili au tatu, kwa hiyo beba chupa ya maji kwa kazi hiyo. Kila baada ya siku chache fua kifuko kwa sabuni na ukianike kikauke kabisa, kisiote ukungu.

Vifuko vya dukani vya kazi hii vipo nchi za nje, na ndani yake kuna chembechembe zinazomeza maji na kuvimba kama zile za kwenye pampasi. Sikushauri kuchana pampasi ili kuzipata. Unga wake ukipeperuka si mzuri kwa mapafu, na penye mtoto anayetambaa ni rahisi ukaishia mdomoni. Sponji inatosha.

Kabla ya kukiamini kifuko, kipime. Weka kipimajoto ndani badala ya dawa kwa siku nzima, soma asubuhi, mchana na jioni, uandike. Ukikuta kinavuka nyuzi 30 hata kikiwa kimelowa, kitafutie upepo na kivuli zaidi. Na usijaribu kukiongezea barafu. Chupa iliyogusana na barafu inaweza kuganda, na hasara yake ni kubwa kuliko ya joto la siku moja.

Chungu cha nyumbani

Kwa dawa ya akiba nyumbani kuna ndugu mkubwa wa kifuko: chungu ndani ya chungu. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikieneza miaka ya 1990 kwa ajili ya mboga za wakulima, na baadaye akapata tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Unachukua vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, unaweka kidogo ndani ya kikubwa, unajaza mchanga katikati na kuumwagia maji asubuhi na jioni. Dawa inakaa ndani ya kopo lililofungwa, katika chungu cha ndani, na juu unafunika kwa kitambaa kilicholowa. Kiweke penye kivuli na hewa, mbali na jiko la kuni na mbali na watoto wadogo. Hata aliye na umeme anaweza kukihitaji: umeme ukikatika siku mbili, friji iliyofungwa ni kabati tu.

Murongo, na maji ya moto ya Mtagata

Kutoka Nkwenda barabara ya vumbi inazidi kwenda kaskazini hadi Murongo, ambako Mto Kagera unatenganisha Tanzania na Uganda na unaona Kikagati ng'ambo. Vumbi la Julai linaingia kila mahali, na hapo nilielewa kwa nini kopo la ndani lazima lifungwe barabara.

Kyerwa ina pia chemchemi za maji ya moto za Mtagata, ambazo Stanley alizitembelea mwaka 1876 na ambazo tangu zamani watu wamezifuata kutafuta uponyaji. Wapo wanaopeleka huko hata watoto. Kuoga maji ya moto kunalegeza misuli na kuchangamsha mwili, na sina ugomvi na anayekwenda. Ila mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiachishwa insulini, hata kwa siku chache tu, anaweza kupoteza fahamu na kufa. Mzazi anayekwenda Mtagata, kanisani, msikitini au kwa mganga, aende na kikapu chake, na sindano za siku hiyo zichomwe kama kawaida.

Kabla likizo haijaanza

Gawanya dawa katika vifurushi viwili ukiwa na chupa mbili, ili kikapu kimoja kikipotea usibaki mikono mitupu. Beba sindano, kipima sukari, na sukari au soda ya kumpa mtoto akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba. Mwandikie bibi, mjomba au matroni wa bweni karatasi yenye dozi, saa za sindano na simu ya kliniki. Mwonyeshe kikapu na umwache alowanishe kifuko mbele yako.

Kila kabla ya sindano, tazama chupa. Insulini angavu ikiwa na ukungu, au ile ya maziwa ikiwa na mabonge yasiyochanganyika ukiiviringisha viganjani, usiitumie. Chupa ikionekana safi lakini sukari ya mtoto inabaki juu siku ya pili bila sababu, iwazie vibaya dawa kwanza kabla ya kumgombeza mtoto kwamba kala pipi. Usisimamishe sindano ukisubiri. Nenda kituo cha afya kilicho karibu mkabadilishe chupa.

Na kama mtoto wako hana kisukari lakini ghafla anakunywa maji mengi, anakojoa usiku kuliko kawaida, anakonda na kuchoka, usikubali kuondoka zahanati na dawa ya malaria peke yake. Omba apimwe sukari. Ni tone moja la damu kidoleni, na jibu linatoka kabla hujamaliza kufunga mkoba.